Kabla hujapanda ndege ya Guangzhou

Mwanangu Neema,

Marahaba. Nimeisoma meseji yako kwamba tiketi imeshatoka, na kwamba suala la mtandao "utajua hukohuko." Hilo neno ndilo lililonikalisha kuandika. Mengi ya safari utayajua hukohuko kweli, lakini hili la intaneti ya China, ukingoja ufike umeshachelewa.

Nilikwenda Guangzhou mwaka 2018, wewe ukiwa darasa la tano. Nilijiona mzoefu. Nikatua, nikachomoa laini yangu nikaitia kwenye pochi, nikanunua ya kwao kwa pasipoti, nikaweka bando. Mtandao ukasoma vizuri. Nikafungua WhatsApp niwaambie nimefika salama. Meseji ikabaki na kile kialama cha saa, haiendi. Nikarudi kwa kijana aliyeniuzia. Akaishika simu, akafungua tovuti ya Kichina, ikafunguka papo hapo. Akanirudishia huku akitabasamu. Data ilikuwepo tele. Kilichokuwa hakipo ni njia ya kwenda nilikotaka. Siku tatu mama yako alipiga namba isiyopatikana, kwa kuwa laini aliyoijua ilikuwa kwenye pochi. Mpaka leo tukikosana jambo, la Guangzhou linatangulia.

Kwa hiyo elewa kwanza kilichoko. Facebook na YouTube zilifungwa kule mwaka 2009, Gmail 2014, WhatsApp 2017, na Wikipedia ya lugha zote 2019. Google na duka lake la programu navyo havifunguki. Kizuizi hicho cha serikali yao mimi nakiita ukuta. Laini yoyote ya China, iwe ya China Mobile, China Unicom au China Telecom, inatokea nyuma ya ukuta huohuo, hata ukinunua bando kubwa namna gani. Na siku hizi kuisajili wanapiga na picha ya uso.

Sasa shika hili, ambalo mimi nililijua nikiwa nimesharudi. Ukiwa na laini ya nje, ikatumika kule kwa romingi, simu yako inashika minara ya China kama simu ya mwenyeji aliyekaa pembeni yako. Ila data yako haiingii intaneti palepale. Inafungwa kama barua ndani ya bahasha, inasafirishwa hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyokupa laini, na huko ndiko inakofunguliwa na kutoka kwenda mtandaoni. Ukuta unachuja kinachotokea mlango wa China, na bahasha yako haitokei mlango huo. Ndiyo maana watu wawili kwenye kiti kimoja cha treni, mnara mmoja, huyu WhatsApp inafunguka na yule haifunguki. Wala si ujanja wa mtu. Romingi ndivyo ilivyojengwa tangu zamani.

Basi uchague kati ya mawili. La kwanza ni laini yako mwenyewe, ukishauliza bando la romingi la China ni kiasi gani kwa siku na likiisha wanakukata vipi. Usiondoke bila bando, maana romingi ya kulipia kidogokidogo inakula pesa wewe umelala, simu ikijisasisha yenyewe. La pili ni laini isiyo na kadi, ile inayoandikwa eSIM, unayoinunua kwa wanaowauzia wasafiri. Hapo uliza swali moja tu: data inatokea nchi gani? Nyingi hupitia Hong Kong au Singapore, na hizo ni sawa. Hong Kong ni China, lakini haiko nyuma ya ukuta. Hakikisha kwanza simu yako inazikubali, halafu iweke ukiwa bado nyumbani, kwa sababu kuiweka kwenyewe kunataka intaneti.

Watu watakwambia, "Weka VPN tu." Hiyo ni programu ya kuuvuka ukuta kwa kuipitisha data yako njia iliyofichwa. Mimi siitegemei. Sheria ya China inaruhusu zile zilizoidhinishwa tu, na zisizoidhinishwa hufanya kazi asubuhi, jioni zikakatika. Sikutumi ukajaribu sheria za wenyewe nyumbani kwao wakati romingi inakufikisha bila hayo yote. Wala usidhani romingi inakuficha. Mnara unajua simu yako iko wapi, kama mnara wa popote, na wewe umeingia kwa pasipoti. Kaa kama mgeni anayeonekana.

Kuna mtego mdogo ambao ungenishika hata leo. Hoteli ina waifai, simu inajiunga yenyewe, na ghafla WhatsApp imekufa. Utafikiri eSIM imeharibika. Haijaharibika, umerudi nyuma ya ukuta bila kujua. Zima waifai, itafufuka. Na waifai za viwanja vya ndege na migahawa mara nyingi hutaka namba ya simu wakutumie msimbo, ilhali eSIM nyingi za wasafiri ni za data tupu, hazina namba. Kwa hiyo laini yako ya kawaida usiichomoe kama baba yako. Iache ndani, uizime data, ibaki kupokea meseji za benki.

Hizo meseji za benki utazihitaji. Kule kulipa ni kwa simu, Alipay au WeChat, na tangu 2023 zote mbili zinapokea kadi za Visa na Mastercard za wageni. Iunganishe kadi yako hapahapa, msimbo ukija uuone. WeChat yenyewe wakati mwingine hutaka mtu mwingine mwenye akaunti akuthibitishe. Muombe mwenyeji wako mapema, usije ukamtafuta ukiwa huna pa kumtafutia.

Ramani ya Google usiiamini hata ikifunguka. China inatumia vipimo vyake vya ramani, vilivyosogezwa makusudi, na ukichanganya na vya kawaida unaweza kujiona mita mia kadhaa kutoka ulipo, pengine katikati ya mto. Tumia ramani inayofuata vipimo vya huko. Programu ya kutafsiri pakua Kichina chake chote kabla, ifanye kazi bila mtandao.

Jumamosi njoo na simu tuweke hiyo eSIM pamoja; mama yako anataka aone kwa macho yake ikikubali. Ukitua, zima waifai, washa romingi kwenye eSIM, uandike neno moja tu, "Nimefika." Ikigoma, nipigie simu ya kawaida kwa ile laini yako, hata kwa dakika moja. Ikiwa ni usiku wa manane kwetu, piga hivyohivyo. Mama yako hatakuwa amelala.

Baba yako