Isome ukiwa peke yako

Rafiki yangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako siku hizi haikai mkononi mwako. Juzi nilipokutumia ujumbe, aliyejibu hakuwa wewe. Tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza na hata siku moja hujawahi kuniita "mkuu". Ndiyo maana barua hii nimeitia ndani ya daftari lako la hesabu. Isome, halafu ichane.

Jana kijiweni uliniuliza mbele ya wale kaka kama nimeanza kuwaogopa. Nilinyamaza. Ndiyo, nawaogopa, na nataka ujue kilichotokea, maana sijakusimulia.

Unavikumbuka vile viatu vyangu vyeupe? Nyumbani nilisema nimeazimwa. Alinipa yule kaka anayekaa pale kwenye kona, yule yule aliyekuwa akitugawa timu tukicheza mpira wadogo. Alinitazama miguuni, pale kidole kilipokuwa kimechungulia nje, akasema, "Mdogo wangu, hutembei hivi na mimi nipo." Machozi yalinilengalenga. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kuniangalia kwa makini namna ile. Baada ya hapo ikawa nauli, ikawa salio la simu, na kila nikishukuru ananiambia sisi ni familia. Kisha jioni moja akanipa begi. "Nishikie mpaka kesho."

Lilikuwa begi dogo la bluu, vichwa vya zipu vimefungwa pamoja kwa kipande cha waya. Nililisukuma uvunguni. Usiku ule kila mbwa alipobweka nilibana pumzi. Unajua nalala na mdogo wangu. Mtoto wa miaka sita alikuwa anakoroma juu ya kitu ambacho hata mimi mwenyewe sikujua ni nini. Viatu vile vilikuwa deni, ndugu yangu, na begi lilikuwa malipo ya kwanza. Wanatutafuta sisi wa umri huu kwa sababu begi likiwa mgongoni mwa mwanafunzi halimshtui mtu, na siku ya kukamatwa tutakutwa nalo sisi, wao wako mbali.

Najua unachowaza: "Lakini nilipokea mwenyewe." Na mimi niliwaza hivyo, nikamfuata mwalimu baada ya kipindi nikamuuliza kana kwamba namuulizia mtu mwingine. Akanionyesha kwamba Itifaki ya Palermo, ile ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, inasema kumwingiza aliye chini ya miaka 18 katika mambo haya ili kumtumikisha ni usafirishaji haramu wa binadamu, hata kama hakutishwa wala kudanganywa. Yaani kule kukubali kwako hakuwasafishi wao. Nilisoma mstari ule mara tatu.

Kitu cha pili alichonisomea ndicho kilichonifanya nikuandikie badala ya kukuita pembeni pale pale. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: taa ya njano inawaka, uamue kusimama au kuendelea. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza wenzao wakiwaangalia, walijihatarisha karibu mara mbili ya walivyofanya walipokuwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika. Nikaanza kukumbuka kila "sawa" niliyowahi kumwambia yule kaka. Zote nilizitamka kukiwa na watu. Kwa hiyo usijaribu kuwakatalia pale kijiweni wakiwa wamekuzunguka. Hutaweza, na si kwa sababu wewe ni dhaifu. Amua ukiwa kwenu, ukiwa umetulia kama sasa.

Mimi nilimwambia mama usiku wa pili. Nilidhani atanipiga. Alikaa kitandani akaliangalia lile begi bila kuligusa, kisha akampigia mjomba. Mjomba alinishika mkono tukaenda wote. Akalirudisha, akasema, "Huyu hatabeba tena. Mwenye neno aje kwangu." Viatu navyo vikarudi.

Sitakudanganya kwamba mambo yaliishia hapo. Mji wetu ni mdogo, utakutana nao tu. Waliniita mnoko. Waliningojea njiani mara mbili, mara ya pili wakanipasua mdomo. Ule mshono uliouona haukutokana na mpira. Nikabadilisha njia, nikawa natoka shuleni na wengine, na jioni naenda mazoezini kwa sababu ile ndiyo saa kijiwe kinapojaa. Wakiniita nasema mama amenikataza, ananihesabia dakika. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha nimsingizie yeye, alisema yeye hawamwezi. Baada ya wiki kadhaa wakaanza kunipita tu. Bado moyo hunidunda nikisikia mluzi nyuma yangu.

Sasa jana niliona mkanda wa begi la bluu begani mwako. Waya ule ule.

Usilifungue. Usilitupe mtoni, watakudai nalo. Usiende kulirudisha peke yako pia. Mama nimemwambia kwamba una shida, sijamweleza ni shida gani, akasema tu, "Mlete." Mjomba analala kwetu wiki hii. Njoo leo usiku, upitie mlango wa nyuma, sitaufunga. Simu izime kabla hujatoka kwenu. Mdogo wangu amekubali kulala chini, kwa hiyo nafasi yako kitandani ipo.

Nitakuwa macho.

Rafiki yako