Akinyi, zungusha kwanza

Akinyi wangu,

Huku Kisumu tuko salama, jua ni lile lile. Nimeona meseji yako ya jana usiku ati praima zenu, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, zimefika hapo Nakuru na kesho asubuhi unaanza kuziyeyusha, nikasema wacha nikuandikie kabla hujagusa kitu juu hiyo kazi inakaa ndogo lakini ilishaniliza.

Tafadhali usifungue tyubu kabla ya kuizungusha kwa sentrifuji. Hiyo DNA imekaushwa, na safari yote hiyo inaibandua inashika kwa kifuniko ama kwa kuta za tyubu, tena ni kidogo mara nyingi hata huioni, ukifungua hivi hivi inaruka imeenda. Mimi nilipoanza kazi nilifungua moja hivyo nikaweka maji vizuri nikijua iko ndani, PCR, ile kazi ya kunakili DNA, ikakataa wiki mbili nzima, nikalaumu Taq, kimeng'enya kinachonakili, nikalaumu mashine, kumbe nilikuwa nimemwaga praima yenyewe. Dakika moja tu ya kuzungusha, Akinyi!

Alafu soma lebo ya kila tyubu. Angalia nanomoli, yaani kiasi cha praima iliyo ndani, zidisha kwa 10, hizo ndizo maikrolita unaweka upate stoki, ile nzito ya akiba, ya maikromola 100. Ikiandikwa 24.6 unaweka 246. Fowadi na rivasi, zile praima mbili za jozi moja, hazitoshani hata kama mliagiza pamoja, kwa hivyo usiwekee zote kipimo kimoja.

Mimi nayeyusha na bafa ya TE, pH 8, sio maji, juu maji ya maabara huwa na asidi kidogo na asidi inakula DNA polepole. Lakini chukua ile TE yenye EDTA kidogo, milimola 0.1, juu EDTA ikizidi inashika magnesiamu na Taq bila magnesiamu haifanyi kazi. Iache dakika kumi hivi, itikise kwa mashine ya voteksi, zungusha tena.

Na stoki usiitumie kila siku. Toa maikrolita 10 uchanganye na 90 ya bafa, ugawe kwa tyubu ndogo ndogo, na ukifanya PCR nusu maikrolita ya hiyo kwa rieksheni ya maikrolita 25 inatosha kabisa. Zingine zikae friza ya -20. Si unajua stima zetu, ikipotea usifungue friza, kuganda na kuyeyuka kila mara ndio kunaziharibu.

Ukishazungusha ya kwanza nipigie, hata nikiwa kazini nitashika.

Wako,
Atieno