Msituambie tunazurura: Bremen ilinipeleka Kalenga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Makambako. Wiki mbili zilizopita aliandika kuwa vijana wa mikoa yetu wanaopata ufadhili wa kusoma Ulaya kazi yao ni kuzurura kila wikiendi na kupiga picha madarajani, huku wazazi wao nyumbani wakidhani wako maktaba. Barua ile iliniuma. Mimi ni mmoja wa waliopiga picha hizo, na siwezi kunyamaza.

Nilisoma mambo ya misitu huko Göttingen, Ujerumani, kwa miaka miwili. Asiyewahi kuishi kule huenda hajui Jumapili yao ilivyo. Maduka yanafungwa, barabara zinakuwa tupu, na wakati wa baridi saa kumi jioni giza linaanza kuingia. Ukikaa chumbani peke yako kuanzia Ijumaa usiku mpaka Jumatatu asubuhi, unaanza kuongea na ukuta. Namjua kijana aliyeacha masomo kwa upweke, si kwa kushindwa mitihani. Ndiyo maana tulikuwa tunatoka, wanne: mimi, dada mmoja wa Njombe, kaka wa Ghana, na mwenzetu wa Indonesia niliyesoma naye darasa moja. Na yule dada, kila tulipokutana stesheni alfajiri, alinisalimu "Kamwene!" kwa sauti mpaka abiria wanageuka. Nani aliyeko mbali na kwao asingeipanda treni hiyo?

Kuhusu fedha, niseme wazi. Machi 2024 tiketi ya mwezi ya nchi nzima ilikuwa euro 49, na unapanda nayo treni zote za mikoani, isipokuwa zile za mwendo kasi. Tayari tulikuwa nazo, kwa hiyo nauli ya kwenda Bremen haikutugharimu hata senti ya ziada. Hosteli, chumba cha vitanda sita, nililipa euro 27 kwa usiku mmoja. Chakula tulibeba: chapati za dada wa Njombe, mayai ya kuchemsha na karanga. Tulibadilisha treni Hannover, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa Bremen, mvua ya manyunyu inatunyeshea kama tuko Mufindi mwezi wa Julai.

Picha tulipiga, ndiyo. Tulisimama mbele ya sanamu ya punda, mbwa, paka na jogoo waliobebana migongoni, wale wazee wa hadithi waliowatoroka mabwana zao wakaamua kwenda Bremen kuwa wanamuziki. Ukishika miguu ya mbele ya punda kwa mikono yote miwili, wanasema ombi lako litatimia. Imeshikwa na watu wengi mpaka inang'aa. Nami nikashika.

Nyuma ya stesheni, mwendo mfupi kwa miguu, amesimama tembo wa matofali, urefu wake kama mita kumi. Alizinduliwa mwaka 1932, wakati kule wako watu waliokuwa bado wanayalilia makoloni waliyonyang'anywa baada ya vita, nchi yetu ikiwemo. Hawakumbomoa. Mwaka 1990 walimtangaza upya kuwa mnara wa kupinga ukoloni, na bustani aliyomo leo ina jina la Nelson Mandela. Karibu naye yamepangwa mawe yaliyotoka Namibia, kuwakumbuka Waherero na Wanama waliouawa na jeshi la Wajerumani. Dada wa Njombe aliyazunguka mawe yale kimyakimya, mvua inamwagika, hakufungua hata mwavuli.

Makumbusho ya Übersee, yaani ya Ng'ambo, yako palepale kwenye uwanja wa stesheni. Yalifunguliwa mwaka 1896. Tukiwa kwenye foleni ya tiketi, kaka wa Ghana alikuwa akisoma habari za jengo lile kwenye simu yake, mara akaniuliza: "Mkwawa ni mtu wa kwenu?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni mtu wa kwetu kabisa, Mtwa, yaani chifu, wa Wahehe wa Iringa, aliwapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, wao wakarudi na mizinga wakaivunja ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, na mwaka 1898 alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Akaniuliza tena: "Sasa kichwa chake kilifikaje huku?" Hapo sikuwa na jibu. Nimepita Lugalo kwa basi mara nyingi mno, na hapo sikuwa na jibu.

Tulikaa kwenye benchi, akatusomea. Kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliwapa Wajerumani miezi sita wawe wamelikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza, nao hawakulikabidhi. Kwamba mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikuja mwenyewe Bremen, akaonyeshwa mafuvu yaliyohifadhiwa pale. Yaliyotoka koloni la Afrika Mashariki yalikuwa 84. Wakayalinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, wakachagua moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining akamkabidhi fuvu hilo Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, pale Kalenga. Themanini na nne! Hayo mengine yalikuwa ya nani, na ndugu zao walikuwa wapi? Tuliingia ndani, lakini sikumbuki niliona nini.

Jumapili, tukiwa kwenye treni ya kurudi, nikampigia bibi yangu, ambaye siku hizi anaishi Ifunda kwa baba mdogo. Nikamwambia, bibi, nimetoka kwenye mji lilikokuwa fuvu la Mtwa. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi siku ile nilikuwepo."

Nimelelewa na bibi huyu tangu nikiwa na miaka minne. Sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza. Mwaka 1954 alikuwa na miaka kumi. Waliondoka Nzihi usiku yeye na baba yake, baridi ya Juni inawakata miguu, baba amevaa koti alilokuwa akilivaa kanisani tu. Nilipomuuliza fuvu lilikuwaje, akasema hakuliona. Aliona migongo ya watu. Alisikia watu wazima wanalia, wanaume, na hicho ndicho kilichomtisha, maana hakuwahi kumuona baba yake akilia.

Niliporudi nyumbani nilikwenda naye Kalenga, akaliona lile fuvu ndani ya kioo, miaka sabini baadaye. Alisimama akiegemea fimbo yake, akasalimia kwa Kihehe kama anavyosalimiwa mtu mkubwa. Nimemrekodi kwa simu, dakika 47, na ninaendelea.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Makambako, watoto wako wakienda kusoma nje, waache watembee. Ila wakipiga simu, waulize wameona nini, na uwe tayari kuwajibu watakachokuuliza.

Nina ombi kwako pia, Mhariri. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi siku ile leo ana zaidi ya themanini. Naomba gazeti lako liwaalike wasomaji wenye wazee waliokuwepo Kalenga waandike wanayoyakumbuka, hata kama ni migongo ya watu tu.

Bibi yangu anamkumbuka msichana wa rika lake aliyetoka Tosamaganga, amevaa gauni la shule ya misheni. Walipanda pamoja juu ya jiwe wapate kuona, wakashushwa, wakagawana kiazi kitamu cha kuchoma. Jina lake limempotea. Kama mama huyo yupo, au kuna aliyesimuliwa habari hiyo na mama yake, tafadhali aandike kupitia gazeti hili. Bibi anaulizia kila nikienda kumsalimia.

Mwanamisitu,
Kinyanambo, Mafinga