Barua kwa Mwanangu Aliyeambiwa Kuwa Yeye Si Mwanasayansi

Arua, West Nile, Uganda

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Barua yako kutoka Mbale tumeipata na tumeisoma kwa makini. Unasema kwamba chama cha ushirika kimekutaka uandike taarifa ya kuonyesha jinsi vichanja vipya vya kuanikia kahawa vilivyowaongezea wakulima kipato, na kwamba ulipouliza mtajuaje kama kweli ni vichanja vilivyoleta ongezeko hilo, mwenyekiti alikujibu kuwa wewe ni mhasibu, si mwanasayansi. Mimi nimefanya kazi katika maabara kwa muda mrefu wa maisha yangu, na ninaweza kukuhakikishia kuwa koti letu jeupe halina kazi kubwa zaidi ya kuzuia madoa. Swali ulilouliza ndilo sayansi yenyewe, na linamhusu mhasibu kama linavyomhusu daktari.

Hoja ya mwenyekiti, kama nimekuelewa, ni kwamba msimu uliopita hapakuwa na vichanja na bei ilikuwa ndogo, msimu huu vichanja vipo na bei ni kubwa. Lakini bei ya kahawa haipangwi Mbale. Mnamo Julai 2021 baridi kali iliunguza mibuni nchini Brazil, bei ya arabika ikapanda katika masoko ya dunia, na mkulima wa huko kwenu Mlima Elgon aliyekuwa akianika buni zake juu ya turubai chakavu aliweza kunufaika bila kubadilisha chochote. Kama vichanja vingejengwa mwaka huo, vingesifiwa kwa kazi ya jalidi ya Brazil. Kwa hiyo kulinganisha jana na leo hakukutoshi, maana kati ya jana na leo mambo mengi yamebadilika kwa pamoja.

Unaweza kusema kwamba basi utalinganisha wakulima wenye vichanja na wasio navyo katika msimu huo huo mmoja. Hiyo ni hatua ya mbele, ila umeniandikia mwenyewe kwamba waliopewa vichanja kwanza ni wale waliojitokeza mapema, na kwamba wengi wao wanakaa juu mlimani. Kahawa ya juu mlimani hukomaa polepole na mara nyingi huonjwa ikaonekana bora hata kabla haijaanikwa popote, na mkulima anayejitokeza mapema huenda ndiye pia anayechuma matunda mekundu peke yake na kuyaacha mabichi. Ukiwalinganisha watu hao na wengine, utakuwa unapima mlima na bidii, kisha unaandika juu yake neno vichanja.

Suala hili la mwinuko lina historia hapa kwetu, nayo ni historia ambayo watu wa West Nile wangestahili kujivunia kuliko wanavyofanya. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya. Muda si mrefu baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna hiyo hiyo. Alirudi kwenye majalada ya wagonjwa, akaona kwamba uvimbe wa taya na uvimbe fulani wa tumboni, ambao ulikuwa ukiandikwa kama magonjwa mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja wa watoto, aina ya saratani. Kisha akauliza swali lisilo la kawaida kwa mtu wa kisu: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani? Alituma vipeperushi vyenye picha katika hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 yeye, pamoja na Cliff Nelson na Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, hapa jirani na Arua, walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000 kwenda kusini mwa bara na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Zingatia kwamba hospitali iliyojibu «hatujauona kabisa» iliwafaa sawasawa na ile iliyojibu «tunao», kwa kuwa mpaka hauwezi kuchorwa na upande mmoja tu.

Ramani iliyotokana na kazi hiyo ilionyesha kuwa ugonjwa ni haba katika nyanda za juu zenye baridi na katika maeneo makavu. Alexander Haddow, mtaalamu wa Entebbe aliyewafahamu mbu kuliko wengi, alieleza kwamba mpaka ule ulikuwa wa joto, si wa mwinuko wenyewe, na dhana ikazuka kuwa uvimbe unaletwa na virusi vinavyobebwa na mbu. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London walivipata virusi kweli, katika chembe za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Hata hivyo, virusi hivyo havibebwi na mbu. Huenea kwa mate na vimeenea duniani kote. Kinacholingana na ramani ni malaria, ambayo huivuruga kinga ya mtoto na kuyapa maambukizi hayo nafasi ya kuleta madhara. Ramani, basi, ilikuwa ya kweli ilhali maelezo yake ya kwanza hayakuwa ya kweli, na ilihitajika kazi nyingine kabisa, ya watu wengine, kuvitenganisha viwili hivyo. Ndivyo ilivyo kwenye taarifa yako: ukiona kahawa nzuri imekusanyika pale penye vichanja, umepata mahali, sababu bado hujaipata.

Nikuongezee jambo moja la Kuluva ambalo mhasibu atalipenda. Williams aliandika kumbukumbu za wagonjwa wake kwa uangalifu mkubwa, pamoja na mahali walipotoka na wakati ugonjwa ulipoanza. Kwa sababu ya madaftari hayo wataalamu wa takwimu waliweza kuwachambua wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965, na utafiti huo ukachapishwa mwaka 1967. Hapakuwa na kifaa chochote cha ajabu. Palikuwa na safu za karatasi zilizojazwa siku ile ile jambo lilipotokea.

Kama mwenyekiti bado anaona hizi ni habari za madaktari, mweleze habari za fedha. Mwaka 1996 ulifanyika uchunguzi katika shule 250 za msingi za Uganda, kwa sababu serikali ilikuwa imeongeza bajeti ya elimu na takwimu rasmi hazikuonyesha mabadiliko yaliyotarajiwa. Wachunguzi walifanya kama fundi bomba anavyofanya, wakapima kinachoingia mwanzo wa bomba na kinachotoka kwenye koki: walichukua hesabu za Hazina kuhusu ruzuku zilizotumwa, wakachukua na hesabu za shule zenyewe kuhusu zilizopokewa, wakaziweka pamoja. Kwa miaka ya 1991 hadi 1995 kilichofika shuleni kilikuwa, kwa wastani, asilimia 13 ya ruzuku hiyo isiyo ya mishahara. Hakuna aliyehitaji kumtuhumu mtu kwa jina. Madaftari mawili yalitosha. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa, na kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80.

Wapo waliohitimisha kwamba magazeti ndiyo yaliyoiponya hali ile. Lakini katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 1997, ilianzishwa elimu ya msingi bila ada, na utaratibu wenyewe wa kupeleka fedha ulibadilishwa, kwa hiyo baadhi ya wachumi wamekataa kuyapa magazeti sifa zote. Mimi niko upande wao. Kupima kwamba fedha hazifiki kulifanywa vizuri sana. Kujua ni nini hasa kilichozifanya zifike ni jambo gumu zaidi, na ugumu wake ni ule ule wa jalidi ya Brazil.

Njia safi ya kuutoa ugumu huo ni kura ya bahati. Huko Rakai, wilaya ya kusini mwa Uganda, iliulizwa kama tohara huwapunguzia wanaume uwezekano wa kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Ilikuwa imejulikana kuwa maambukizi ni machache miongoni mwa waliotahiriwa, lakini wengi wao walikuwa Waislamu, na Mwislamu na jirani yake huweza kutofautiana katika pombe, ndoa na mengi mengine. Watafiti waliwaandikisha wanaume 4,996 wasio na virusi na wasiotahiriwa, wakawagawa kwa bahati, kundi moja likatahiriwa mara moja na la pili likaahidiwa kutahiriwa baada ya miezi 24. Walioambukizwa walikuwa 22 katika kundi la kwanza na 45 katika la pili, na Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa mapema ili kundi la pili nalo lipewe huduma. Angalia uungwana wa mpango ule: hakuna aliyenyimwa, walitofautiana tu katika nani ametangulia. Kama chama chenu hakina mbao za kuwatosha wanachama wote msimu ujao, basi lazima wengine watangulie; kwa nini wasitangulie kwa kura, badala ya kutangulia kwa kufahamiana na katibu?

Wewe, hata hivyo, una nafasi nzuri kuliko ile ya Rakai, kwa sababu mtu hagawanyiki lakini gunia la kahawa linagawanyika. Chukua buni za mkulima mmoja, zilizochumwa siku moja na kuoshwa pamoja, uzigawe mafungu mawili, moja liende kwenye kichanja na jingine kwenye turubai. Mlima ni ule ule, mvua ni ile ile, mikono ni ile ile. Fungu lipi liende wapi liamuliwe kwa kurusha sarafu, tena sarafu irushwe baada ya kugawa, maana mgawaji akijua mapema kwamba fungu hili ni la kichanja, mkono wake utalichagulia buni nzuri bila hata yeye kukusudia. Mafungu yote yakaushwe hadi unyevu ufike kati ya asilimia 10 na 12 kwa kipimo kimoja, na siku zilizotumika kukausha ziandikwe.

Kisha mfuko wowote unaopelekwa kwa waonjaji, wale wanaoonja kahawa na kuipa alama, usiwe na jina la mkulima wala neno kichanja, bali namba peke yake. Kwetu maabara, ili kuhakiki kazi, slaidi za damu za malaria hupelekwa kwa msomaji wa pili asiyeambiwa jibu la yule wa kwanza. Hatufanyi hivyo kwa kumshuku mwenzetu kuwa mwongo; tunafanya kwa sababu jicho lililoambiwa kuwa kuna vimelea huvitafuta mpaka livione. Ulimi hauna tofauti na jicho katika hilo, na mwonjaji anayejua kuwa chama kimetumia fedha nyingi kwa vichanja ataonja fedha hizo.

Ningekushauri uwe na wakulima wapatao 30. Kama vichanja havina athari yoyote, ungetarajia fungu la kichanja lishinde kwa karibu nusu yao, kwa hiyo ushindi wa 17 kwa 13 usikutoe pumzi, kwani bahati huuleta mara kwa mara. Ushindi wa 25 kwa 5 bahati huuleta kwa nadra mno. Andika kabla ya kuanza ni kipimo gani kitakachoamua, alama za waonjaji au bei ya mnunuzi, usije ukachagua baadaye kile kilichokupendeza. Na kwa kuwa wewe ni mhasibu, usisahau kuhesabu mbao, misumari na saa za kugeuza buni, kwa sababu inawezekana kabisa vichanja vikaboresha kahawa na bado visilipe.

Utakapopata jibu, lirudie msimu unaofuata kabla ya kulitangaza katika wilaya nzima. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa vituo 50 vya afya vya Uganda, ambako wananchi walikutanishwa na wahudumu wao kujadili ubora wa huduma, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikaonekana kupungua kwa asilimia 33. Baadaye mpango unaofanana na huo ulipojaribiwa katika vituo 376, upungufu huo wa vifo haukuonekana. Utafiti wa kwanza haukuwa wa ovyo. Ni kwamba vituo 50 ni vichache, na nchi ni kubwa.

Orodha inayoonyesha namba ipi ni ya kichanja na ipi ni ya turubai usiiweke ofisini kwa mwenyekiti. Mpe mtu asiyehusika na kahawa, kama mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aifunge ndani ya bahasha hadi alama zote ziwe zimeandikwa. Nitumie fomu zako kabla msimu haujaanza, nizitazame safu zake.

Baba yako anakusalimu sana, na wadogo zako wanaulizia kahawa.

Mimi mama yako.