Malalamiko juu ya reaktifu zenye kuharibika na vile nilitendewa ku depo yenu

Bukavu

Bwana Direkta,

Salamu kwako na kwa batu ya biro yako. Fakitire munayo, na kanuni za kurudisha bidhaa njo nyinyi muliziandika, basi sitazirudilia.

Maji ya oksijene yenye mulituuzia, reaktifu yenye tunapimia vidudu mu labo, ilishakufa. Tulikuwa na usaha ya kidonda ya mama mumoja mwenye alipasuliwa ku maternite yetu huku Kadutu. Rangi ya Gram, yenye inatuonyesha vidudu ku mikroskopi, ikatoka safi kabisa, vidudu vya duara, violeti, vimerundikana pamoja, mutu yeyote wa labo anawaza Staphylococcus. Tukaweka tone ya ile maji ku vidudu, njo tesiti ya katalazi: Staphylococcus inapashwa kutoa povu, Streptococcus haitoe. Povu hakuna, hata moja. Kufwata reaktifu yenu tulipashwa kuandika Streptococcus, na dokta anangojea jibu juu achague antibiotiki! Nikakamata Staphylococcus aureus yetu ya kontrole, yenye tunajua inatoa povu, nayo povu hakuna. Njo nikajua ubaya iko mu chupa. Bahati tulikuwa na plazma ya koagulazi, yenye inaganda ikikutana na aureus, ikaganda, tukaandika aureus.

Nikashuka ku depo yenu na bastajere wangu. Kijana wa kontwari hakuangalia hata chupa, akasema kwa sauti batu bote wanasikia: « Mama, reaktifu iko muzuri, mikono yako njo haijue kazi, rudia kwanza masomo. » Mbele ya bale ninafundisha! Nikakwangula etiketi na ukucha, chini yake ikatokea etiketi ingine, tarehe yake ilishapita. Akaninyanganya chupa.

Na oksidazi, reaktifu ingine ya kutofautisha vidudu, ile mulituletea ikiwa violeti tayari mu chupa. Inapashwa kuwa karibu haina rangi, igeuke violeti ikikutana na kidudu kama Pseudomonas, si mbele. E. coli yenye inapashwa kubakia bila rangi nayo inatoka violeti, sasa hapo tunatofautisha nini? Tena siku ya kuleta komande shofeli wenu aliacha kartoni ku jua inje ya mulango na akaenda, wakati munajua joto na mwangaza vinaharibu maji ya oksijene.

Ninarudilia ya kontwari juu sitaki uipite haraka. Nimeshika chupa, etiketi ya juu inang'oka pole pole, tarehe ya zamani inaonekana, mutumishi wako anaivuta mu mukono yangu, anaitupa mu karo ya chini, na anaendelea kuniambia nirudie masomo. Mustajere mumoja akainamisha kichwa. Hakuna mukubwa hata mumoja wa depo mwenye alisema pole, na mumoja alikuwa amesimama pale pale!

Ile siku nilitaka tu munibadilishie chupa mbili. Leo hapana. Ninataka feza yote ya ile komande irudi, na yule kijana aombe samahani pale pale ku kontwari, bastajere wakiwa. Na mutuambie kwa maandishi ni labo gani zingine hapa Bukavu ziliuziwa chupa za ile etiketi, juu huko pia kuna bagonjwa wenye wanapewa dawa yenye si yao.

Picha ya etiketi zote mbili bastajere walishapiga mbele chupa haijanyanganywa. Ijumaa ikipita bila jibu, zinaenda ku Divisheni ya Afya ya jimbo. Barua yake nilishaiandika, inangojea tu sinyatire ya dokta wetu.

Laborantini, Kadutu