Shukrani kwa wakili tuliyekutana Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara

Nakushukuru sana, ndugu wakili ambaye hukuniachia hata jina, kwa kunisaidia wakati ambapo nilikwisha kuambiwa kwamba mdogo wangu, kwa kuwa alikiri kosa, angeweza kukata rufaa dhidi ya adhabu pekee. Uliusoma mwenendo wa kesi mstari kwa mstari, ukanieleza kwamba, kwa mujibu wa shauri la Laurent Mpinga la mwaka 1983, kukiri kwenye utata, au kulikotokana na kutoelewa shtaka, kunaweza kupingwa, na vilevile iwapo maelezo aliyoyakubali hayatoshi kisheria kumtia hatiani. Ukatuhimiza kuwasilisha kusudio la rufaa ndani ya siku 10, jambo ambalo hakuna aliyetuambia kabla. Mama, huku Lindi, anakuombea dua.