Mkanda Umekwenda, Usiuze na Kichwa: Barua ya Wazi kwa Mabondia Vijana wa Mwanza

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaojifua Mabatini, Igoma, Kirumba na Buhongwa, mnaokimbia alfajiri kando ya ziwa wakati wavuvi wa dagaa wanarudi mwaloni, na kupitia kwenu nawaandikia pia makocha, mameneja na ndugu wanaowashauri. Hasira niliyonayo ni ya mtindo ambao nimeutazama ukizoeleka mbele ya macho yetu, na uliofikia kilele chake kwa kijana wetu mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa ameaibishwa vya kutosha. Alipoteza mkanda wake wa ubingwa kwa KO, yaani kuangushwa asiweze kuendelea, mbele ya watu wake, na kabla uvimbe wa jicho haujatulia alikuwa amepandishwa ndege kwenda kupigana ugenini, katika uzito ulio juu ya uzito wake, na mpinzani ambaye hakuwahi kumwona hata kwenye simu. Alirudi na kipigo cha pili na bahasha ambayo, baada ya meneja kuchukua chake, kocha kuchukua chake na madeni ya kambi kulipwa, haikutosha kununua hata nyavu. Sasa nasikia anatafutiwa safari nyingine. Anayemtafutia anasema anamsaidia kijana asipoe.

Asipoe! Bondia aliyezimika ulingoni anatakiwa apoe, na apoe hasa. Mababu zetu wa Usukumani walilielewa jambo hili bila kufundishwa na kamisheni yoyote ya kusimamia ngumi. Katika mashindano ya ngoma ya makundi mawili, Wagika na Wagalu, ambayo huchezwa baada ya mavuno, mshindi hutambuliwa kwa wingi wa watazamaji waliomkimbilia. Lakini kundi lililokimbiwa halikuhamia kijiji cha pili kesho yake kucheza tena likiwa limechoka na limechekwa. Lilirudi nyumbani, likalima, likatunga nyimbo mpya, likatengeneza dawa zake na kungoja msimu mwingine.

Bondia aliyepoteza mkanda ana njia nyingi kuliko anavyodhani usiku ule. Taabu ni kwamba usiku ule aibu ndiyo inayozungumza, na aibu haina subira. Inataka ifutwe wiki hiyo hiyo, kwa pambano lolote, na yeyote, popote. Na wapo watu ambao kazi yao ni kuisikiliza aibu hiyo na kuipatia tiketi ya ndege.

Naomba mnivumilie niieleze biashara hii jinsi inavyokwenda, kwa sababu wengi wenu mnaiona tiketi tu. Promota wa ng'ambo ana kijana wake anayemjenga. Anahitaji mtu wa kupigwa ili kijana huyo apande ngazi, na mtu huyo awe na sifa mbili: jina linaloweza kuandikwa kwenye bango, na uwezekano mdogo wa kushinda. Bingwa wa zamani aliyepigwa KO mwezi uliopita anazo sifa zote mbili. Bango litasema "bingwa wa zamani wa Tanzania", watazamaji wataona wameletewa mtu wa maana, na promota, ambaye amekwisha kuisoma rekodi yako yote kwenye intaneti kabla hajapiga simu, anajua kidevu chako kimetikiswa juzi. Simu inapigwa siku chache kabla ya pambano kwa makusudi, ili usipate muda wa kambi, na uzito unaotajwa ni wa kijana wake. Ukipoteza, bei yako inashuka. Ukipoteza tena, hutaitwa kwa jina. Wataulizana kama kuna mtu wa kilo kadhaa mwenye pasipoti inayotumika. Nimewaona wanaume waliokuwa wakipokelewa na msafara wa pikipiki kutoka uwanja wa ndege hadi mjini wakiishia hapo, wakirudi usiku na begi lao wenyewe mgongoni.

Fedha, hata hivyo, ndiyo hasara ndogo. Mtu akizimika kwa ngumi, ubongo wake umetikisika ndani ya fuvu, na uvimbe wa uso ukiisha haina maana kwamba ndani kumepona. Ndiyo sababu kamisheni nyingi duniani humzuia aliyepigwa KO kupanda ulingoni kwa majuma kadhaa, na mara nyingi miezi miwili au mitatu. Kipigo cha pili kinachoukuta ubongo ambao haujapona ni hatari kupita cha kwanza, na ubongo hauoni tofauti kati ya ngumi ya pambano na ngumi ya mazoezi. Ongezeni hapo ujinga wa kujikausha maji ili kufikia uzito, ambao humpeleka mtu ulingoni akiwa hajarudisha maji aliyoyapoteza. Mtu anayeumwa kichwa kila asubuhi, anayesahau alikoweka simu, anayekosa usingizi, anayewaka hasira kwa watoto bila sababu, anayeumizwa macho na mwanga, huyo ni mgonjwa, hata kama anaweza kupiga begi la mazoezi raundi kumi. Aende hospitali ya Bugando, apimwe kichwa na macho, na mwenzake aende naye ili amsikilize daktari, kwa sababu yeye mwenyewe atasikia anachotaka. Na ninyi makocha mnaomwambia kijana asimweleze daktari dalili zake ili kibali cha kusafiri kipatikane, mnajua mnachokifanya. Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa haiwezi kumlinda bondia ambaye kona yake mwenyewe, yaani kocha na wasaidizi wake, inamficha.

Baada ya kupoa, na kwa kibali cha daktari, ndipo yaje mazungumzo ya nini kifuatacho.

Njia ya kwanza ambayo kila mmoja huililia ni pambano la marudiano. Ni njia ya haki, ila haitolewi kwa kulia. Hutolewa na karatasi uliyotia sahihi kabla ya pambano la kwanza. Lennox Lewis, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipigwa KO na Hasim Rahman kule Afrika Kusini mwezi Aprili 2001, katika raundi ya tano, na Rahman akataka kwenda kutetea mikanda dhidi ya mtu mwingine. Lewis alikuwa na kifungu cha marudiano katika mkataba wake, akaenda nacho mahakamani, na mwezi Novemba mwaka huo huo akaichukua mikanda yake katika raundi ya nne. Sasa niwaulize: ni wangapi kati yenu mmewahi kuusoma mkataba wenu hadi ukurasa wa mwisho? Wengine hata nakala hamna. Tena kumbukeni kwamba Lewis alijua kilichomwangusha: alifika Afrika Kusini akiwa amechelewa na hajajiandaa vya kutosha. Anayetaka marudiano bila kuweza kueleza kwa nini alipigwa anaomba kupigwa mara ya pili.

Njia nyingine ni kuchagua uzito unaokufaa. Ng'ambo ya ziwa hili letu, Uganda, alitoka John Mugabi, aliyefika Las Vegas mwezi Machi 1986 kumkabili Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Mugabi alikuwa hajapoteza, na mapambano yake yote alikuwa ameyamaliza kwa KO. Alikuwa amepanda kutoka uzito wake wa kawaida wa kilo 69.8 hadi kilo 72.5, na Hagler akammaliza katika raundi ya kumi na moja. Mugabi alirudi kwenye uzito wake, akaanguka tena mwaka huo huo kwa jicho lililoumia, akakaa pembeni kwa zaidi ya mwaka, na mwaka 1989 akautwaa ubingwa wa dunia wa kilo 69.8 wa WBC, mojawapo ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia. Mganda mwenzake, Ayub Kalule, alipoteza mkanda wa WBA, shirika jingine kama hilo, kwa Sugar Ray Leonard mwezi Juni 1981, akapoteza mengine makubwa baadaye, lakini mwaka 1985 alivaa mkanda wa Ulaya wa uzito wa kati. Ninawataja hawa kwa sababu maji waliyoyaona utotoni ndiyo haya mnayoyaona ninyi, na kwa sababu wote wawili walikubali kushuka ngazi kabla ya kupanda tena. Mapambano mawili au matatu ya nyumbani, ya raundi chache, na wapinzani wa kawaida, si aibu kwa aliyekuwa bingwa.

Kuna kubadilisha kocha, na hili lifanyike kwa adabu, uso kwa uso, wala si kwa ujumbe wa simu usiku. Kuna kubadilisha mtindo wa kupigana, jambo ambalo wengi hulisema na wachache hulifanya.

Na kuna kuacha. Neno hili mnaliogopa kama ukoma. Huyo huyo Hagler alipoteza ubingwa kwa Leonard mwezi Aprili 1987, kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika. Hadi leo wapo wanaoamini alionewa. Alitaka marudiano, hayakuja, akachoka kungoja, mwaka uliofuata akatangaza kustaafu, akahamia Italia kuigiza filamu, na hakupanda tena ulingoni, hata fedha ziliponong'onezwa. Mlinganishe na Muhammad Ali, ambaye sote tunampenda. Larry Holmes alimpiga mwezi Oktoba 1980 mpaka kona yake ikalisimamisha pambano baada ya raundi ya kumi, na bado mwaka uliofuata, akikaribia miaka arobaini, walipatikana watu wa kumpandisha ulingoni Bahamas na Trevor Berbick. Mwaka 1984 dunia ikaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Madaktari wabishane kuhusu sababu. Mimi nauliza tu rafiki zake walikuwa wapi Bahamas.

Najua kuna atakayenijibu kwa jina la George Foreman, aliyeurudisha ubingwa mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Someni habari yake yote. Baada ya kupoteza kwa Jimmy Young mwaka 1977 aliacha ngumi kwa miaka kumi, akahubiri, akaanzisha kituo cha vijana Houston, na aliporudi alipigana na wapinzani wasio na majina kwa miaka kabla ya kuugusa ubingwa. Huko ndiko kupoa ninakokusema. Na mwingine atanitajia bondia wetu Karim Mandonga, aliyependwa na nchi nzima hata alipopigwa. Mandonga ana kipaji cha maneno ambacho ninyi hamna, nanyi mkijaribu kuchekesha mtachekwa.

Kazi za kufanya baada ya ulingo zipo, na nitazitaja kwa haraka kwa kuwa mnazijua: ukocha, urefa na ujaji ambao una mafunzo na leseni zake, kuwafundisha mazoezi wafanyakazi wa ofisini wanaotaka kupunguza vitambi, ufundi kutoka chuo cha VETA pale Nyakato, biashara ya samaki kwa aliyezaliwa nayo. Anayepigana sasa aanze kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa hiari, hata kidogo kidogo. Kwa mabondia wa ridhaa, wasiopigania fedha, vikosi vya ulinzi na usalama vimeajiri wanamichezo wengi, lakini umri haungoji.

Sasa nigeukie kwetu sisi wengine, kwa maana si haki kuwagombeza vijana peke yao. Mji huu unamjua bondia siku ya mkanda. Wanasiasa hupiga naye picha, redio humwita studio, vijana wa bodaboda humsindikiza wakipiga honi. Akianguka, watu wale wale humwita begi la kupigwa, tena mbele ya mtoto wake. Ingieni katika klabu yoyote hapa na muulize nani aliyeleta medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, au dhahabu ya Kuala Lumpur mwaka 1998. Mtakodolewa macho. Ni Titus Simba na Michael Yombayomba, na kama nchi haiwafundishi watoto majina hayo, tusishangae bondia akiamini kwamba bila mkanda yeye si mtu, na kwamba lazima apigane mwezi huu huu ili aendelee kuonekana. Wenye mabango na wadhamini nao, mnaogharamia ukumbi, taa na wasanii wa kusindikiza pambano, wekeni fungu la kumpima kichwa aliyepoteza. Mshindi anao wa kumhudumia usiku ule.

Nawaomba akina mama na akina baba waliowazaa mabondia: mkataba usitiwe sahihi bila ninyi kusomewa kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, pamoja na siku ya kuondoka, uzito, jina la mpinzani, malipo kabla na baada ya makato, na nani atalipa hospitali. Meneja anayekasirika kwa kuulizwa hayo amekwisha kuwajibu.

Na wewe, kijana wangu, unajijua. Nyumbani kwangu unapafahamu. Njoo jioni yoyote, bila meneja, tule sato, na tusizungumzie ngumi kama hutaki. Mapambano yako ya kwanza niliyaona ukiwa bado na miguu myembamba, na ninaamini bado unazo ngumi za kurudisha mkanda mwaka ujao, ikiwa mwaka huu utakubali kukaa. Jumatatu nenda Bugando. Pasipoti yako mpe mama aitunze, na atakayepiga simu kuulizia tarehe mwambie aongee na mama.

Mzee wenu,
Mwanza